Gari la Sita

Usiku wa kuamkia safari nimeketi uani kwetu Barani,
redio sita juu ya mkeka kama samaki wa kugawa,
kompyuta mapajani, na kebo isiyokubali kazi
mpaka uibane kwa kidole.
Tsofa ananishikia tochi. "Si tupigiane simu tu?"
Simu yako, namwambia, inaaga Marikebuni.
Mbele ya pale kuna vumbi, na ndani ya vumbi mna gari
usilojua limesimama au linakuja.

Naandika masafa, tarakimu moja moja.
Chaneli ya kwanza hupanda hadi mnara wa kilimani,
ndipo ishuke kwa wote.
Na mnara una bawabu:
hafungui mpaka asikie toni yake,
mvumo mwembamba, themanini na nane nukta tano,
sikio la binadamu halina habari nao.
Ukiwa nao, umepita.
Ukiukosa, utasema hadi koo likauke nje ya mlango
huku ukisikia kila neno la walio ndani.

Ya Mahazi, tayari. Ya Jumwa. Ya vijana wa gereji. Ya Bwana Shee.
Yangu.
Ya sita ni ya Ngowa, mume wangu,
mfunga msafara, na Land Rover ya marehemu baba yake
yenye milango ya rangi mbili.
Saa saba usiku. Kebo ikateleza. Mtoto akalia.
Niliporudi nikafunga vitufe vyote vya redio ile
asije akabonyeza ovyo, naijua mikono yake,
nikalala.

Daraja la Sabaki, alfajiri, maji rangi ya chai ya maziwa.
"La pili?" Nakusikia.
"La tatu?" Nakusikia, dada, hata kikohozi chako.
La nne. La tano.
"La sita?"

"La sita?"

Bwana Shee akasema: namwona kiooni, taa zinawaka, yuko.
Basi tukaenda.

Tulipoipita Marafa, Mahazi akaanza:
amenuna huyo, ni ile hela ya dizeli.
Jumwa akasema, mwanamume kununa na gari lake, makubwa!
Na mimi, kidole kwenye kitufe, barabara imenyooka,
nimefurahi kwa kuwa sauti zote zinaingia safi, kazi yangu,
nikasema:
"Mwacheni. Hata nyumbani ukimwita haitiki."
Kicheko kikapanda mnarani
kikashuka katika magari sita.

Adu tukasimama kunywa maji.
Akashuka, vumbi hadi kwenye kope.
Hakubamiza mlango. Angeubamiza ningepata la kusema.
Akaenda moja kwa moja kwenye gari la Shee, akachuchumaa
penye gurudumu la nyuma, akalitikisa kwa mkono mmoja.
Nati tano: mbili hazipo, ya tatu inazunguka kwa kidole.
"Nimelisema hili mara nane," akasema,
akiliambia gurudumu.
Kisha, bila kunitazama: "Na darajani niliitika."

Nikaichukua redio yake, nikafungua vitufe nilivyovifunga mimi.
Chaneli ya kwanza. Masafa, sawa. Nguvu, sawa.
Toni: hakuna.
Nikaitia. Sekunde kumi, labda kumi na mbili.
Tsofa alikuwa anatazama, safari hii hakuuliza kitu.

Tulirudi jua likitupiga ubavuni.
"La tano?" Nakusikia, na nati zangu zote.
Nikangoja kidogo kabla ya kuita.
"La sita?"
"La sita. Naitika."
Sauti yake, kavu, karibu kuliko kitandani.
Kisha hakukiondoa kidole.
Na mtu akishika kitufe, hakuna mwingine awezaye kusema,
ndivyo chombo kilivyo.
Nikasikia injini ya baba yake,
mlango wa kushoto ukigongagonga,
pumzi,
maili baada ya maili mpaka Marikebuni,
nami nimeshika usukani, sina la kubonyeza.